Bendi ya bluegrass jukwaani: maikrofoni moja au kila mtu na yake?

Bendi ya Del McCoury, mwimbaji wa bluegrass (muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi), ambamo wanawe Ronnie hupiga mandolini na Rob banjo, ilijulikana kwa kuizunguka maikrofoni moja, kama ilivyokuwa enzi za Bill Monroe, mwasisi wa muziki huo. Je, kila bendi ya kifamilia ifuate njia hiyo?

Kwa gharama, ndiyo: kondensa moja (maiki nyepesi kunasa sauti) yenye kiwambo kikubwa, stendi imara, chaneli moja ya mixer yenye umeme wa volti 48 wa kuiendesha. Waimbaji watatu na ala tano zikipewa maiki zao, hesabu ni chaneli nane, waya nane na fundi wa kuzisawazisha.

Uhakika wa sauti ni habari nyingine. Kondensa husikia kila kitu, hata sauti ya spika. Ukiipandisha sauti ili ukumbi mkubwa usikie, hupiga mluzi. Ndiyo maana spika kuu hutangulizwa mbele yake na monita, yaani spika za jukwaani za kuwasikilizisha wapigaji, huzimwa. Gitaa ndilo huumia zaidi, maana banjo hulimeza, mpigaji asipoliinua hadi karibu kabisa na maiki. Besi mara nyingi hufungiwa kinasa sauti chake (pickup), na hilo si dhambi.

Maiki nyingi hudai kukagua waya. Moja hudai mazoezi ya miguu: nani anaingia, nani anatokea upande gani, la sivyo shingo ya banjo itamgonga mpiga fidla. Ndugu waliopiga pamoja tangu utotoni huyamudu haraka, mpigaji wa kukodi hatayamudu kwa jioni moja.

Ukumbi mdogo wenye wasikilizaji watulivu unafaa maiki moja. Tamasha la uwanjani, penye upepo na kelele, linadai nyingi.