Miwani ya elfu tano ya kliniki ya mkoba: maoni ya fundi cherehani

Mafundi wenzangu mliovuka arobaini, kama siku hizi mnaita mtoto awatungie uzi kwenye sindano, haya yanawahusu.

Miwani yangu nimeipata kwenye kliniki ya mkoba ya macho iliyokuja zahanati ya kata yetu. Fremu nyeusi ya plastiki, lenzi namba mbili, shilingi elfu tano. Mtihani wangu ni uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, jioni, kwa taa moja. Zamani suruali nyeusi ya mteja ililazimika kulala hadi kupambazuke. Sasa napinda na kupachika vifungo usiku huohuo. Wala si mimi tu: utafiti wa vijijini Bangladesh uliotolewa 2024, kwa watu wa miaka 35 hadi 65, ulikuta kipato cha waliopewa miwani ya karibu kimewazidi wenzao kwa thuluthi hivi baada ya miezi minane.

Machinga wa stendi naye ana namba mbili, tena fremu zake kali zaidi, na bei haipishani sana. Kilichonivutia mimi ni kupimwa. Kuna ile chati ya herufi E, unaonyesha kwa vidole imeelekea wapi. Kisha wakanipima presha ya macho, wakanitia matone ya kutanua mboni, dada mmoja akachungulia ndani kwa kitochi. Presha ya macho mara nyingi haiumi. Inaanza kula uoni wa pembeni, unakuja kushtuka umeshapoteza mwingi, na uliopotea haurudi hata kwa upasuaji. Hilo machinga hakwambii. Ila siku ya matone msipange kushona: vya karibu vinakuwa ukungu kwa saa kadhaa, na jua linachoma. Nendeni na kofia.

Kasoro zipo. Tulitangaziwa saa mbili asubuhi, meza zikafunguliwa karibu saa tano, bibi zetu wameketi juani. Fremu ni za saizi moja. Mwenye kichwa kama changu zinambana nyuma ya masikio. Hayo yanavumilika.

Lisilovumilika ni rufaa. Mzee jirani yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Akaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali ya mkoa, basi. Operesheni yenyewe kwa kawaida haifiki hata saa nzima: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Lakini nauli ya watu wawili, kwa kuwa hawezi kwenda bila wa kumshika mkono, kulala mjini, na kurudi tena kuangaliwa, nani alipe? Wangekodi Kosta moja wakawabeba wote wenye karatasi kwa mkupuo. Miwani nawapa nyota tano, huduma nzima tatu, hadi hiyo Kosta ije.