Kambare wanaokula mwani kwa tangi la nyumbani Nairobi: yupi wa kununua, yupi wa kuacha dukani

Ukiomba "samaki wa kusafisha kioo" katika duka la samaki wa mapambo jijini, yamkini utaonyeshwa kisamaki cha kahawia chenye madoadoa, urefu wa kidole, kimejibandika kwenye kona ya tangi. Wengine humwita saka, wengine pleko, na mara nyingi ndiye wa bei nafuu kuliko wenzake wote wa kazi hiyo. Katika orodha hii yuko mkiani. Kambare yeyote wa kazi hii anunuliwe kwa kuangalia ukubwa wa tangi lako na umri wa maji yake. Mwani wenyewe, yaani utando unaoota kwenye kioo na mimea, ni sababu ya mwisho, maana hakuna samaki atakayeumaliza ikiwa taa inawaka kwa muda wa saa 12 kila siku na chakula kinamwagwa mara tatu kwa siku.

Nafasi ya kwanza: Ancistrus

Huyu ndiye anayefaa nyumba nyingi za Nairobi. Asili yake ni mito ya Amerika Kusini, na akikomaa huwa na sentimita 10 hadi 13 tu. Dume utamtambua kwa vinyuzi vyenye matawi vinavyoota puani na kwenye paji la uso. Jike hana, au anavyo vifupi kando ya mdomo. Wapo wa kahawia iliyoiva, wapo weupe wenye macho mekundu, wapo wa mapezi marefu. Utunzaji ni uleule, tofauti ni bei. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 10 au zaidi.

Kilichompandisha hadi kileleni ni kwamba huzaliana kwenye matangi bila taabu. Maana yake unaweza kumpata aliyezaliwa papa hapa Nairobi, aliyekulia maji ya hapa na asiyejua safari ya ndege wala njaa ya ghalani. Ukisikia mfugaji anauza vifaranga wa sentimita 4 au 5, nunua kwake kabla ya kwenda dukani, na umuulize anatumia maji ya mfereji au ya kisima.

Mpe tangi la lita 100 kwenda juu. Fundi wa vioo akikutengenezea la sentimita 90 kwa 35 kwa 40, hesabu ni lita 126 likijaa hadi ukingoni. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu unabaki na kama 105. Agiza kioo cha milimita 8, na meza iwe imara, kwa kuwa maji peke yake yana zaidi ya kilo 100. Weka dume mmoja. Madume wawili ndani ya tangi la namna hiyo watachanana mapezi wakigombea pango, na aliyeshindwa atakaa amejibanza nyuma ya hita hadi akonde. Dume mmoja na majike wawili hawana neno, ila jiandae kupata watoto.

Pango ni rahisi: kata paipu ya PVC ya inchi 2, urefu wa sentimita 15, ziba upande mmoja kwa jiwe, ifukie nusu kwenye mchanga. Anahitaji pia kigogo cha kukwangua, kwa kuwa nyuzi za mti ni sehemu ya mlo wake. Mzizi mkavu wa mpera unafaa. Epuka mikaratusi, mwerezi na msonobari kwa sababu ya utomvu na mafuta yake. Chemsha kigogo saa moja au mbili, kisha kiloweke hadi kizame chenyewe. Maji yakigeuka rangi ya chai ya rangi usishtuke, hayadhuru.

Kosa linalowaua wengi ni kudhani kwamba mwani unatosha. Tangi safi la lita 100 halina mwani wa kumshibisha Ancistrus mzima hata wiki moja. Mpe kidonge cha mwani kinachozama, kimoja kwa kila samaki, jioni taa ikishazimwa, siku nne au tano kwa wiki. Siku zilizobaki mpe mboga: mumunye changa, tango au jani la spinachi lililochemshwa dakika mbili, ulifunge kwenye uma lizame. Mboga za sokoni zimepuliziwa dawa, kwa hiyo osha vizuri na umenye zenye ganda. Iliyobaki itolewe asubuhi. Ikilala siku mbili itachafua maji yote. Akiachwa na njaa ataanza kutoboa majani mapana ya mimea yako, na hapo watu humlaumu samaki.

Ana kinyesi kingi, nyuzi ndefu za kahawia kila mahali. Hiyo ni kawaida yake. Filta iwe na nguvu ya kuzungusha maji yote ya tangi mara nne au tano kwa saa.

Nafasi ya pili: Otocinclus

Kama una tangi dogo lenye mimea, lita 60 hivi, na limekaa miezi mitatu au zaidi bila samaki kufa, oto, kama anavyoitwa kwa kifupi, ndiye chaguo lako, na kwa tangi la aina hiyo anampita Ancistrus. Ni mdogo, sentimita 3 hadi 4 au 5, ana mstari mweusi ubavuni unaoishia kwa doa kwenye shina la mkia. Anapitia jani baada ya jani akikwangua mwani laini wa kahawia na wa kijani bila kugusa mmea. Hana ugomvi na mtu.

Tumemweka wa pili kwa sababu ya vifo. Oto wengi huvuliwa mitoni Amerika Kusini. Kuanzia wavuni hadi dukani huweza kupita wiki kadhaa akiwa hajala kitu cha maana, na vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kusaga mwani vinapungua. Anafika kwako akionekana mzima, kumbe ameshaanza kufa; wengi huondoka katika wiki mbili tatu za mwanzo hata maji yakiwa mazuri. Ndiyo maana usimnunue siku aliyoshuka dukani. Mwache wiki mbili huko, wadhaifu wafie kwa muuzaji.

Nunua sita au zaidi kwa pamoja. Akiwa peke yake hujificha na kutokula vizuri. Tangi jipya ni kaburi lake, kwa kuwa vioo havina utando wa kula na amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, haijatulia. Pima maji kabla ya kununua, pamoja na nitriti na nitrati zitokanazo na amonia hiyo: amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita.

Mwandalie akiba ya chakula mapema. Chukua mtungi wa kioo, weka mawe laini ya mtoni, jaza maji uliyotoa kwenye tangi lako, uuweke dirishani panapopata jua. Baada ya wiki mbili au tatu mawe yatakuwa yamevaa kijani. Tia mawili tangini, wakishayakwangua badilisha na mengine. Ni hila ya bure, na huwaokoa wengi kuliko dawa yoyote ya chupa. Huku ukiwafundisha kula mumunye. Wengine huchukua siku nne kuligusa.

Asikae na samaki wakubwa wenye midomo mipana. Akimezwa husimamisha miiba ya mapezi, hukwama kooni, na unapoteza wawili.

Nafasi ya tatu, kwa subira

Farlowella ni mwembamba kama kijiti kikavu, hupita sentimita 15, na ni mla mwani wa kweli. Lakini hula polepole mno hata samaki mdogo kama guppy humnyang'anya, na huanguka haraka maji yakiyumba. Rineloricaria, jamaa yake, ni mgumu zaidi, ila hupenda vidonge kuliko mwani. Ukiwaona dukani wamenona na tayari una tangi lililokomaa, sawa. Usiwatafute kwa mbiu.

Wa kuacha dukani

Pleko wa kawaida, yule tuliyeanza naye, hupita sentimita 30, na kadiri anavyokua ndivyo anavyoupa mwani kisogo na kutegemea chakula cha wengine. Tangi la lita 100 kwake ni ndoo. Akiwekwa na goldfish, kama ilivyo katika ofisi na hoteli nyingi, huwafuata usiku na kuwanyonya ute wa mwilini hadi wanatoka vidonda. Halafu akishakuwa mkubwa hakuna wa kumpokea, na mtu hushawishika kumtupa mtoni. Tafadhali usithubutu. Huko Florida, Mexico na Bangladesh pleko waliotoroka au kutupwa wameenea mitoni, wanachimba mashimo kwenye kingo na kujaza nyavu za wavuvi. Sisi gugumaji la Ziwa Victoria linatutosha.

Namna ya kumtofautisha na Ancistrus mchanga: mtazame akikunjua pezi la mgongoni. La pleko ni refu, limesimama kama tanga, na vijiti vyake ni 10 au zaidi. La Ancistrus ni fupi, vijiti kama 8. Ancistrus ana kichwa kipana kilichobapa na nukta nyeupe ndogo kwenye mwili wa kahawia iliyoiva, ilhali pleko ana mabaka meusi kwenye mwili wa rangi ya udongo.

Mwingine wa kukwepa ni Gyrinocheilus, mara nyingi wa rangi ya dhahabu. Si kambare hata kidogo, ametoka kusini-mashariki mwa Asia. Udogoni anasafisha vizuri, ukubwani hufika sentimita 25 na kugeuka mkorofi. Corydoras nao ni kambare wapole na wazuri, lakini hawali mwani. Ukiuziwa kwa kazi hiyo umepigwa.

Kama shida yako ni mwani mweusi wenye manyoya kwenye kingo za majani, hakuna kambare hapa atakayekusaidia. Huliwa na Crossocheilus, samaki asiye kambare, ambaye mstari wake mweusi huendelea hadi ncha ya mkia. Utando wa bluu-kijani unaoteleza na kunuka hauliwi na yeyote. Na ule unga wa kahawia wa tangi jipya huja wenyewe na kwenda wenyewe ndani ya miezi miwili. Kuununulia samaki ni kupoteza pesa. Punguza taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, ondoa tangi dirishani.

Maji, baridi na stima za Nairobi

Maji ya mfereji yanayotoka Ndakaini na Sasumua ni laini, na kambare hawa huyapenda, ila yana klorini. Yaache kwenye ndoo siku moja au mbili pampu ya hewa ikipiga, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima vya jiji ni hadithi nyingine: mengi yana magadi na floraidi nyingi. Ancistrus huvumilia akizoeshwa, oto huteseka. Hatari kubwa iko katikati: mgao ukikata maji, mtaa unaletewa ya boza, nawe unabadilisha nusu ya tangi kwa maji ya kisima bila kujua. Hapo samaki hawafi kwa sababu maji ni mabaya. Hufa kwa sababu yamebadilika ghafla. Weka akiba ya lita 40 ya maji ya mfereji, na wiki ambayo una shaka badilisha asilimia 10 tu badala ya 25.

Baridi ya Juni hadi Agosti inashusha maji ya tangi hadi nyuzi 18. Kambare hawa wanataka 23 hadi 26. Hita ya wati 1 kwa kila lita inatosha. Ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku hula uniti 1.2, kama uniti 36 kwa mwezi, kwa hiyo weka hesabu hiyo kwenye tokeni kabla ya kununua samaki.

Jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havisemi: jiji hili liko juu, karibu mita 1,700, na kwa shinikizo la hewa la hapa maji hubeba oksijeni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa kwa joto lilelile. Kwa nyuzi 25 ni kama miligramu 6.8 kwa lita badala ya 8.3. Usijaze tangi kwa vipimo vya mitandaoni, na jiwe la hewa lisikose. Stima zikipotea, washa pampu ya hewa ya betri na usilishe mpaka zirudi.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi. Subiri samaki ajibandike kioo cha mbele, umtazame tumbo: liwe limejaa au bapa. Lililobonyea ndani, au macho yaliyozama, mwache, hata bei ishuke. Omba muuzaji atupie kidonge uone kama anasogea kula. Pakitokea maiti kwenye tangi hilo, ondoka.

Afungiwe kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwani miiba ya Ancistrus hutoboa plastiki. Theluthi moja maji, mbili hewa. Uviringe kwa gazeti na uuweke ndani ya begi, usiuache kwenye dirisha la matatu lenye jua huku jam ya Thika Road ikikusubirisha.

Nyumbani uache mfuko uelee tangini dakika 15. Kisha mwage samaki na maji yake kwenye chombo, uvute maji ya tangi kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, matone mawili au matatu kwa sekunde, mpaka yaliyomo yaongezeke mara tatu. Kazi hiyo ichukue kama dakika 45. Mchote kwa kikombe. Wavu hunasa miiba yake, na kuinasua huvunja pezi. Maji ya dukani mwaga chooni. Ikiwa una tangi la pili, akae humo wiki tatu kwanza, na usitie dawa yenye shaba. Taa zizimwe hadi kesho yake, kidonge kimoja kiachwe karibu na pango, na kama hakijaguswa kufikia asubuhi kitolewe.