Elan Ripstick 94 W: skii yenye kushoto na kulia

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina Ripstick 94 W ya Elan, wale jamaa wa Slovenia, skii ya kike ya kutelezea kwenye theluji, na skii hii naipenda, kwa hiyo vipimo vya kawaida navipitia mbio. Kiunoni, yaani katikati pale penye upana mdogo kabisa, milimita 94. Kiini cha mbao nyepesi chenye kaboni ndani. Ncha imebinuka kwenda juu, mkia nao umebinuka kidogo. Mengine yameandikwa kwenye skii yenyewe, utayasoma dukani. Kilichonileta mbele ya kamera ni kingine kabisa.

Sogeza kamera hapa. Unaona alama hii? Hii ni ya kushoto, na hii ya kulia. Skii karibu zote sokoni unavaa mguu wowote, hakuna tofauti. Hizi ni kama ndara: kila moja na mguu wake.

Sasa tazama vizuri, maana hapa ndipo utamu ulipo. Naiweka ya kushoto juu ya meza, upande wa nta, ule wa kuteleza, chini. Nachukua karatasi ya kawaida. Naipenyeza chini ya ncha, upande wa nje, ule unaoelekea mbali na mguu mwenzake. Inaingia... inaingia... inakwama hapa. Natia alama. Sasa narudia upande wa ndani. Inaingia, na imekwama mapema zaidi! Skii ile ile, ncha ile ile, lakini kingo ya nje, yaani ukingo wa pembeni unaokata theluji, imenyanyuka kutoka mezani kwa urefu mkubwa kuliko kingo ya ndani. Kingo ya ndani ina tao, yaani katikati imeinuka na skii inagusa chini karibu na ncha na karibu na mkia. Kingo ya nje wameiongezea mbinuko.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Ukikata kona kwenda kushoto, uzito mwingi unabebwa na mguu wa kulia, na kinachong'ata theluji ni kingo ya ndani ya skii ya kulia. Hiyo unaitaka ndefu, yaani iguse theluji sehemu kubwa, na imara, ndiyo maana ina tao. Skii ya kushoto wakati huo imelalia kingo yake ya nje, na kazi yake ni kufuata tu. Ikishika kwa nguvu inajichimbia, na kwenye theluji laini ndiyo ile hali skii mbili zinaachana na magoti yanavutwa kila moja upande wake. Mbinuko wa nje unaizuia kujichimbia. Inateleza juu, inafuata.

Ukizivaa kinyume unageuza hesabu yote: kingo fupi inabeba uzito na kuponyoka, kingo ndefu inanasa upande usiotakiwa. Halafu mtu anailaumu skii. Zikitoka kwa fundi baada ya kunolewa, angalia alama kabla ya kuzikanyaga.

Tuje kwenye 94 yenyewe, maana dada zangu wengi mnasikia theluji laini na kukimbilia skii yenye kiuno cha 105. Polepole. Kiuno kipana kinaelea, ni kweli, lakini kadiri kinavyopanuka ndivyo kuhama kutoka kingo moja kwenda nyingine kunavyochelewa, na kwenye njia ngumu iliyosawazishwa goti linafanya kazi ya ziada. Kama unataka jozi moja tu ya mlima mzima na moyo wako uko kwenye theluji laini, kaa kati ya 92 na 98. Chini ya 90, mfano Black Pearl 88 ya Blizzard, ni skii nzuri sana ya njia ngumu, ila theluji ikifika magotini inazama mapema. Zaidi ya 100 iwe jozi ya pili.

Urefu. Hapa wengi wanajipunja. Ncha na mkia vikibinuka, sehemu inayogusa theluji unaposimama wima ni fupi kuliko namba iliyoandikwa. Kipimo cha kidevuni ni cha anayeanza. Kama unakata kona zako bila woga, chukua ya kufika puani hadi kwenye paji la uso. Mtu wa sentimita 165 asiiogope ya 162, na kama ana nguvu na anapenda mwendo, 170.

Sasa niseme ukweli wangu wote, maana nimesifu mno. Skii hii ni nyepesi, na wepesi una gharama yake. Asubuhi theluji ikiwa mpya, raha tupu: unazungusha bila kulazimisha, miguu haichoki. Mchana ikishakatwakatwa na kujaa mabonge, ncha inaanza kurushwa huku na huku ukiongeza kasi. Hapo Santa Ana ya Nordica, ambayo ina bamba la metali ndani, inapita juu ya mabonge kwa utulivu zaidi. Lakini hiyo inataka miguu. Ukiegemeza uzito nyuma, inakuendesha yenyewe. Kwa hiyo kama wewe ni mzito au unapenda mistari mirefu ya kasi, nenda huko. Kwa mwingine yeyote nabaki na Ripstick... naam, nabaki nayo, hata kwa mabonge yale.

Bei yake si ya chini. Ulizia ya msimu uliopita, mara nyingi kinachobadilika ni rangi tu. Lakini hakikisha kwanza kwamba umbo halijabadilishwa.

Baindingi, yaani kile kifungio kinachoshika buti kwenye skii, ndiko watu wanakoharibu kila kitu. Kwa kiuno cha 94 chukua breki, ile mikono inayoshuka kuisimamisha skii ikivuka, ya upana wa 95 au 100. Ya 85 inagusa kingo na kukwama, ya 115 mikono yake inatokeza na kuburuza ukiilaza skii. Mwambie fundi afunge kwenye mstari uliopendekezwa, uliochorwa kwenye skii. Kurudi nyuma sentimita moja kunasaidia ncha kuelea, ila kona zinakuwa nzito kidogo. Na namba ya kufunguka, yaani nguvu inayofanya baindingi iachie buti, ipangwe na fundi kwa uzito wako, kimo, umri, kiwango chako na urefu wa soli ya buti. Usinakili ya rafiki: ikiwa kubwa mno haifunguki ukianguka na goti ndilo linalolipa, ikiwa ndogo inafunguka katikati ya kona.

Soli nazo zina aina zake, na si kila baindingi inapokea kila soli. Hilo ni la video ijayo, na kuanzia hiyo buti zote zinapita hapa mezani, za kike kwanza. Bonyeza kengele, na njoo na kipimo cha mguu wako kwa sentimita.