Huduma ya kupima daraja bila kulitoboa, Moshi

Kamati yetu ya barabara ya mashambani, nje kidogo ya mji wa Moshi, ilikodi kampuni ya wahandisi kukagua daraja dogo la zege linalopitisha malori ya mazao, baada ya zege la upande mmoja kuanza kumeguka na nondo kuonekana.

Ninawasifu hasa kwa sababu hawakuishia kwenye nyundo ya Schmidt. Chombo hicho hupima jinsi kidude chake kinavyodunda kikigonga uso wa zege, na namba tulizopata zilikuwa nzuri. Mpimaji mvivu angefunga kazi hapo hapo. Mhandisi alitueleza kwamba zege lililokaa miaka mingi hufyonza hewa ya ukaa, uso wake ukazidi kuwa mgumu na namba za nyundo zikapanda, ilhali badiliko hilo hilo ndilo linaloiondolea nondo kinga yake dhidi ya kutu. Kwa hiyo namba nzuri kwenye daraja kuukuu si ushahidi wa kutosha.

Walipaka grisi pande mbili za boriti na kupima kasi ya mawimbi ya ultrasauti (sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio) yanayopita ndani ya zege: yakizidi kilomita 4.5 kwa sekunde zege ni bora sana, yakishuka chini ya 3 ni la kutiliwa shaka. Boriti zetu zilifaulu. Kisha wakalowesha sakafu ya daraja, wakafunga waya kwenye nondo iliyokuwa wazi, na kuhamisha elektrodi ya shaba (ncha ya kupimia umeme) hatua kwa hatua juu ya miraba iliyochorwa kwa chaki. Voltimita, yaani kipima volti kilichounganishwa na waya na elektrodi hiyo, ikisoma chini ya hasi milivolti 350, uwezekano wa kutu kuwa inaendelea unazidi asilimia 90. Namba hizo zilijikusanya pembeni, pale maji ya mvua yanapotuama kwa sababu tundu la kuyatoa limeziba.

Sikuridhishwa na kazi ya rada, chombo kinachotuma mawimbi ardhini ili kuonyesha tabaka za chini, kwenye barabara ya kuingilia darajani. Walikuja katikati ya masika, na udongo wa mfinyanzi uliolowa humeza mawimbi ya rada, hivyo picha hazikuonyesha tabaka za chini. Wataalamu walipaswa kutushauri tusubiri kiangazi kabla ya kututoza.

Ramani ya ile miraba ya chaki, yenye namba za voltimita, ndiyo iliyotufaa kuliko kurasa zote za ripoti: fundi anaifuata kubomoa na kujenga upya ukanda wa pembeni tu, na tundu limeshazibuliwa.