Kumtibia mbwa nyumbani hapa Tabora: uzoefu wangu na hela niliyolipa

Mbwa wangu Bosi alirudi kutoka porini Sikonge mwezi wa saba, alikokwenda na kaka yangu kurina asali. Kama wiki mbili baadaye akaanza kunyong'onyea. Chakula anakinusa, anakiacha. Mwili wa moto, mbavu nje, na chini ya taya tezi zimevimba kama karanga.

Nilifanya kama tunavyofanya wengi: nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza dalili kwa mdomo. Muuzaji akasema ni minyoo na homa ya kupe, wala hakuuliza mbwa alikuwa wapi. Dawa ya minyoo 3,000. Kijana wake akaja nyumbani Ipuli kumchoma antibayotiki siku tatu, 7,000 kila siku. Zikaenda 24,000. Siku ya nne asubuhi macho ya Bosi yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyotiwa maziwa, na alikuwa akijigonga mlangoni. Mwanangu mdogo alilia, na mimi nikalia.

Jirani ndiye aliyenipa namba ya daktari wa mifugo anayefuata wagonjwa majumbani kwa pikipiki, na huduma yake ndiyo nataka kuwasimulia.

Swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa, "Dada, huyu mbwa ametoka porini karibuni?" Alipofika hakukimbilia sindano. Alimfunua midomo, fizi zilikuwa nyeupe. Akapima joto, akachukua damu kidogo, akaondoka nayo kwenda kuitazama kwenye hadubini. Saa nane mchana akapiga: nagana, ugonjwa wa mbung'o. Mimi nilijua mbung'o ni balaa la ng'ombe, na kwa watu huleta malale. Kumbe mbwa naye huugua, na ule ukungu wa macho ni mojawapo ya dalili.

Kabla ya kumchoma alitaka uzito. Nikapanda kwenye mizani nimembeba Bosi, kisha nikapanda peke yangu, tukatoa: kilo 18. Dawa ni unga wa kuchanganya na maji, na pakiti moja imepimwa kwa ng'ombe mzima. Bosi alipata pungufu ya mililita 1. Daktari alinieleza kuwa kwa mbwa dawa hii ikizidi kipimo inaweza kudhuru ubongo, kwa hiyo haikadiriwi kwa macho. Nikamkumbuka yule kijana akivuta dawa kwenye bomba bila kuuliza kilo, mwili ukanisisimka.

Malipo: safari 10,000, kipimo cha damu 10,000, dawa na kuchoma 15,000, sindano ya kuongeza damu 8,000. Hiyo ni 43,000. Wiki mbili baadaye alirudi kupima damu tena kwa 15,000. Hilo la kurudi nililiona kama kuongezewa gharama mpaka aliponifafanulia kwamba dawa haiingii vizuri ubongoni, na vijidudu vilivyojificha huko vinaweza kurudisha ugonjwa. Ukijumlisha na zile za dukani nimetumia 82,000. Shemeji yangu aliniambia kwa hela hiyo ningepata mbwa wengine wanne. Ni kweli, wa kienyeji wanapatikana. Lakini Bosi amelala mlangoni kwetu miaka mitano, na mwizi hajawahi kuvuka ua.

Kasoro zipo. Siku ya miadi ya pili alichelewa saa tatu nzima bila hata kupiga simu. Halafu hakuniandikia popote jina la dawa wala kipimo, nikaandika mwenyewe kwenye daftari la mtoto. Bosi akipatwa na dharura nyingine, daktari mwingine atajuaje alichochomwa? Nilimwambia, akakubali kwamba ataanza kutumia kadi.

Bosi alianza kula siku ya pili baada ya sindano. Jicho la kulia limesafishika kabisa, la kushoto limebaki na kivuli. Damu ya mara ya pili ilikuwa safi. Nagana haina chanjo, kwa hiyo kaka akienda kwenye mizinga sasa, Bosi anabaki nyumbani. Daktari anakuja tena mwezi ujao kumchanja kichaa cha mbwa. Ukimwita, piga asubuhi mapema kabla hajatoka kwenda vijijini.