AC ya chumba cha kulala Dodoma: soma namba ya chini, siyo ya juu

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mama yangu alikuja kutoka Kondoa kumwona mjukuu wake. Nikampa chumba chetu kwa sababu ndicho chenye AC. Saa sita usiku akanigongea, anaomba blanketi. Saa saba nikapita mlangoni, nikamkuta kalitupa chini, anajipepea na kanga. Saa nane blanketi limerudi mwilini. Asubuhi akanishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, leo nitalala sebuleni. Kule chumbani ni kama homa, inakuja inaondoka."

AC hiyo nilichagua na kulipia mwenyewe, hapa hapa Dodoma mjini, shilingi 1,450,000. BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), haina inveta, yaani kifaa cha kupunguza mwendo wa mashine. Chumba chetu kina mita tatu na nusu kwa nne. Muuzaji aliniuliza swali moja tu, ninakaa wapi. Nikamjibu Nzuguni. "Dada, Nzuguni jua linawaka. Chukua kubwa upumzike." Nikachukua kubwa.

Nilipogusia jambo hili hapa, mliniandikia wengi. Dada wa Ilazo anasema kila AC inapowaka, taa ya korido inafifia. Kaka wa Iyumbu ana AC ya inveta kabisa, BTU 24,000, katika chumba cha watoto, na bado usiku wanaamka wanatetemeka. Wote mliuziwa ukubwa. Ndiyo maana naandika mwongozo huu, na ni wa chumba cha kulala tu. Sebule na ofisi zina hesabu yake. Rangi, Wi-Fi na kelele za feni sitazigusa, hizo kila muuzaji atakuimbia.

Kwanza tuielewe Dodoma. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni kavu. Mchana wa Oktoba na Novemba joto linapita nyuzi 30, lakini usiku wa manane nje kunashuka hadi nyuzi 20 au chini ya hapo. Ukitoka uani saa nane usiku unataka kujifunika kanga. Basi kwa nini ndani tunaloa jasho? Ukirudi nyumbani saa tatu usiku, weka kiganja kwenye ukuta wa upande wa magharibi. Wa kwangu ni tofali za bloku zilizopigwa plasta, na saa hiyo bado ni wa moto kama ubavu wa chungu kilichoepuliwa. Tangu saa nane mchana umekuwa unakunywa jua, na usiku unalitapika taratibu chumbani. Juu ya dari bati la msauzi limefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo jioni, chumba kilipojaa joto, AC ina kazi kubwa kwa muda wa saa moja au mbili. Baada ya hapo kinachobaki ni joto dogo la ukuta na la miili yenu. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi, wawili ni 140. AC ya BTU 18,000 ina nguvu ya kuondoa wati 5,300 za joto. Ukiiachia kazi hiyo ndogo, inakipoza chumba kwa dakika chache, inazima, ukuta unarudisha joto, inawaka tena. Feni inapuliza kama kawaida, ila kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, haina mwendo wa polepole. Ndiyo homa ya mama yangu hiyo. Kila kompresa inapowaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, ndiyo taa ya korido inayofifia kule Ilazo.

Inveta imeletwa kutibu hilo, kwa sababu kompresa yake inapunguza mwendo badala ya kuzima. Lakini hapa ndipo wengi tunapopigwa. Inveta nayo ina mwisho wa kupunguza. Ya BTU 24,000 hata ikinyong'onyea vipi, mara nyingi bado ina nguvu kuliko mahitaji ya chumba kidogo usiku wa manane, na ikifika mwisho wake inazima na kuwaka kama zile za zamani. Kaka wa Iyumbu, shida yako ni hiyo. Inveta yako ni nzima, ukubwa ndio umezidi.

Kabla hujalipa, omba kitabu kilichomo kwenye boksi na ufungue ukurasa wa vipimo. Kwenye mstari wa nguvu ya kupoza, kampuni zinazojiheshimu huandika namba tatu: ya chini, ya kawaida na ya juu. Muuzaji atakuonyesha ya kawaida na ya juu. Wewe weka kidole kwenye ya chini. Kwa chumba cha kulala chenye dari, ukubwa kama wa kwangu, nataka namba hiyo isizidi kilowati 1, yaani BTU 3,400 hivi. Ikiwa kitabu hakitaji namba ya chini kabisa, mimi siinunui. Nimeshawahi kusimama dukani dakika arobaini nikisubiri kitabu kitafutwe stoo, na sijutii hata moja.

Chaguo langu la kwanza ni LG Dual Inverter ya BTU 9,000, na sifichi kwamba naipendelea. Ndiyo iliyo chumbani kwangu sasa, na kitabu chake kinaonyesha inashuka chini ya kilowati 1. Kilichonimaliza kabisa ni kitufe kwenye rimoti kilichoandikwa Energy Ctrl. Ukikibonyeza unaifungia AC isivuke asilimia 80 ya nguvu, ukirudia 60, ukirudia tena 40. Mimi saa moja jioni naiacha huru, saa nne tukipanda kitandani naifunga kwenye 40, nyuzi 26, na feni ya dari mwendo wa kwanza. Nalala hadi adhana ya alfajiri bila kushtuka. Kwa mita yangu ya LUKU, ile ya zamani ilikuwa inakula uniti sita hadi saba kwa usiku. Hii inakula mbili, zikizidi ni mbili na nusu. Kwa tunaopata uniti 28 hivi kwa shilingi 10,000, hiyo ni tofauti ya shilingi 1,250 na zaidi kila usiku. Na wewe uliye kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kabla ya kufunga AC yoyote, maana ukivuka hapo nafuu hiyo inakupita.

Katika LG hizo hizo, uliza kama unayoonyeshwa inatoa joto pia, kwa sababu nyingi zinazoletwa kwetu ni za baridi tupu. Dodoma ya Juni na Julai mnaijua, usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo juu yake. AC yenye pande mbili inahamisha joto la nje kulileta ndani, hivyo kwa uniti moja ya umeme unapata joto la uniti tatu hivi, wakati hita ya waya inakupa joto la uniti moja tu. Kwa mwenye mtoto mchanga naona ni pesa iliyotumika vizuri. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeshaondoka na familia nzima nzima.

Ukikosa LG, nafasi ya pili nazipa Hisense na Gree za inveta, BTU 9,000, kwa sharti lile lile la namba ya chini. Usikubali jina tu, maana kampuni moja inatoa aina nyingi na hazifanani.

Ya tatu ni feni ya maji, na kwa hali ya hewa yetu inastahili heshima kuliko inayopewa. Inafanya kazi kwa sababu hewa kavu inakunywa maji, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Ndugu zetu wa Dar wanaiona haifai kwa kuwa hewa yao imeshashiba maji. Hapa Septemba na Oktoba inaleta baridi ya kweli, na midomo haipasuki kama ukilala na AC. Masharti yake ni dirisha kuachwa wazi kidogo, ili hewa yenye unyevu itoke, na maji yasiwe ya chumvi. Maji ya visima vingi vya kwetu yanaacha ukoko mweupe kwenye zile sponji, na miezi miwili haijaisha hewa haipiti. Mimi naikingia maji ya mvua kwenye simtanki. Mvua zikianza Desemba, ifunike uiweke stoo.

Feni ya dari kila chumba kiwe nayo, hata chenye AC. Haipunguzi joto, inakupunguzia wewe, na usiku mzima ni nusu uniti tu. Ila kama nyumba haina dari, anza na dari kabla ya chochote nilichotaja hapa.

AC ya magurudumu yenye bomba moja la kutoa hewa dirishani, hapana. Inasukuma nje hewa uliyokwisha kuipoza, na hewa ya moto pamoja na vumbi la Nzuguni inaingia chini ya mlango kujaza pengo. AC za bei ya kutupa zisizo na inveta sina la kuongeza, nimeshaeleza.

Sasa niseme na wauzaji wetu, kwa sababu hili linaniuma. Mzigo ukifika Dodoma bei inapandishwa kwa maelezo ya usafiri kutoka Kariakoo. Sawa, ni kilomita 450 hivi, nakubali. Lakini mimi niliongezewa shilingi 180,000 kwa boksi lililopanda basi pamoja na mengine kumi. Wakaniahidi kufungiwa bure. Fundi akaja, bomba la shaba lililokuja na AC ni mita tatu, ukuta wangu ulitaka tano, mita mbili nikalipia kwa bei aliyoitaja akiwa tayari kwenye ngazi. Hakuja na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba. Alifungua gesi kidogo, akaiachia ipulize hewa nje, akasema imetosha. Hewa na unyevu vikibaki humo vinaila kompresa pole pole, na gesi unayoipuliza nje umeinunua. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine ina hitilafu, nije kesho. Nilikwenda kesho tatu. Bila risiti, udhamini niliooneshwa kwenye stika ya boksi haukuwa na maana yoyote.

Kwa hiyo sasa nalipa kwa awamu mbili, ya kwanza nikipokea boksi na risiti mkononi, ya pili fundi akishamaliza na pampu yake nimeiona ikinguruma walau dakika ishirini. Muuzaji asiyetaka utaratibu huo namwachia AC yake.

Ile ya BTU 18,000 ipo saluni kwa mdogo wangu, Area C: chumba kirefu, madraya matatu, wateja tangu asubuhi, mlango haufungwi. Huko inafanya kazi bila kupumzika na hakuna anayelalamika. Mama anakuja tena Oktoba hii, na safari hii nimemwandalia chumba chetu.

Ukiwa dukani na huelewi ukurasa wa vipimo, upige picha unitumie kabla hujatoa hela.