Injini Kubwa kwa Hilux LN106: Kabla ya Kuuliza Nguvu, Tazama Sampu

Msomaji mmoja wa Makete, anayebeba viazi kwa Hilux LN106, aliniandikia: "Dada, injini ya mtumba niliyonunua imekufa mlimani. Taa ya oili iliwaka, nikasikia kugonga, ikazima. Fundi anasema nimeuziwa mbovu." Nikamwomba alale chini ya gari anipigie picha. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imebonyea kwa ndani, duara safi lenye alama za mkwaruzo, sawasawa na kichwa cha difu ya mbele (boksi la gia katikati ya ekseli) kilichokuwa chini yake. Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limekandamizwa kwenye bati. Kila gari lilipoingia shimoni na mzigo, difu ilipanda na kuipiga sampu, mpaka siku ile oili ikashindwa kupita na beringi za krenki zikaungua.

Nimepata malalamiko ya namna hii kutoka Karatu na Mpanda pia, na kila mara lawama huangukia injini. Ndiyo maana leo sitapanga injini kwa farasi wala kwa ulaji wa mafuta. Hayo utaambiwa gereji yoyote hata kabla hujauliza. Nazipanga kwa jinsi zinavyokaa juu ya ekseli ya mbele ya LN106.

Hilux hizi, za kizazi cha 1988 hadi 1997, zina ekseli nzima mbele, yenye springi za mabamba. Gurudumu likipanda, ekseli inapanda na difu yake. Sasa fikiria injini nyingi za mtumba zinazoshuka bandarini: zimetolewa kwenye Surf na Prado ambazo magurudumu ya mbele yanajitegemea. Huko difu imefungwa kwenye chesisi, haipandi wala haishuki, kwa hiyo sampu ilichongwa kuikwepa mahali ilipo tu. Ukiileta injini hiyo kwenye LN106, inaingia vizuri, inawaka vizuri, na gari likiwa tupu uwanjani kila mtu anapiga makofi. Ugomvi unaanza siku ya mzigo.

Mafundi wana dawa zao, na karibu zote zinaleta ugonjwa mwingine. Kuinua injini kwa vipande vya chuma kwenye maunting (vishikizo vya injini) kunaifanya giaboksi ilale, propela shafti inaanza kutetemeka, na feni haipo tena katikati ya rejeta. Kuikunja sampu kwa nyundo kunapunguza oili na kulisogeza bati karibu na chujio. Kuikata na kuichomelea upya kunawezekana, lakini ni lazima mrija wa kunyonya oili nao ukatwe kulingana na kina kipya, na mchomeleaji awe anajua kazi, kwa sababu sampu inayovuja tone moja uwanjani itavuja kikombe barabarani.

Nafasi ya kwanza naipa 5L ya Toyota, na sioni haya kusema kwamba naipendelea Toyota, kwa gari hili hasa. Ina ujazo wa 2,986 cc dhidi ya 2,779 za 3L iliyokuja na gari. Ongezeko hilo si la kukurusha kitini, na wanaotaka kuwapita wenzao kwenye lami hawatafurahi. Lakini 3L na 5L ni ukoo mmoja. Maunting ni zilezile, giaboksi yako inabaki, shafti hazikatwi, na jambo linalonifanya niiweke juu ya zote ni kwamba unaifungua sampu ya injini yako ya zamani, iliyochongwa kwa ajili ya ekseli hiyohiyo, unaihamisha pamoja na mrija wake. Hakuna nyundo, hakuna kuchomelea. Pampu ya dizeli ni ya kawaida, haina kompyuta, hivyo fundi wa Namanyere ataitengeneza kama wa Dar. Angalia tu usipewe 5L-E. Hiyo herufi ya mwisho maana yake pampu inaongozwa na umeme, na utahitaji kompyuta na waya zake zote. Badilisha mkanda wa taiming siku hiyohiyo ya kufunga, hata ukiambiwa ni mpya.

Ya pili ni 1KZ-TE, 2,982 cc yenye tabo. Hapa nguvu unaisikia kweli: nguvu ya kuvuta ni karibu Nm 287 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, wakati 3L haifiki hata 200. Kwa milima yenye mzigo ni raha. Ila ina mambo matatu. Inunue pamoja na giaboksi yake, ukijua kwamba shafti zitarekebishwa. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu na hupasuka ikichemka, kwa hiyo rejeta ya 3L usiitegemee. La tatu ni sampu, na hili lina jibu ambalo wauzaji wengi hawalisemi: 1KZ-TE ilifungwa pia kwenye Prado za zamani za KZJ71 na KZJ78, zenye ekseli nzima mbele. Tafuta sampu na mrija wa oili kutoka huko. Ni adimu, lakini ukikosa, bora usubiri kuliko kufunga ya Surf.

Hata ukiipata, pima. Injini ikishafungwa, pandisha gurudumu moja la mbele kwenye kilima cha mawe au jeki mpaka ekseli iguse raba yake ya chesisi, ukiwa umebandika donge la udongo laini juu ya difu. Rudia upande wa pili. Shusha, utazame udongo umebaki unene gani. Usikubali chini ya vidole viwili, kwa sababu injini yenyewe hucheza kwenye maunting ukikanyaga mafuta, na springi zako zitazidi kulala kadiri zinavyozeeka.

Ya tatu, 1HZ. Ni injini ninayoiheshimu sana, 4,164 cc, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Urefu huo ndio shida: ndani ya LN106 rejeta inasukumwa mbele au ukuta wa kabini unakatwa, na uzito wake unazilaza springi za mbele, yaani unaikaribisha difu kwenye sampu. Anayeitaka 1HZ anunue Land Cruiser iliyozaliwa nayo.

1KD-FTV naiweka mwisho. Karibu zote zilizopo sokoni zimetoka kwenye Vigo na Prado za magurudumu yanayojitegemea, na nozeli zake haziwezi dizeli ya kwenye madumu.

Injini za bei rahisi za chapa nyingine, zinazofungwa kwa bamba la kuunganishia, sizipendekezi kwa LN106.

Sasa niseme la wauzaji, maana linaniumiza. Unatajiwa bei ya injini "kamili". Unarudi na hela, unakuta imeng'olewa alternata, kesho pampu, na sampu imewekwa kwenye rafu na bei yake peke yake. Yaani kile kitu kitakachoamua kama injini itaishi, wanakiuza kama nyongeza! Nyingine zimepigwa rangi ya fedha hadi kwenye vichwa vya bolti, na ukiuliza imetoka kwenye gari gani unajibiwa "Japani". Japani si gari. Muuzaji asiyejua kama injini ilitoka kwenye Surf au KZJ78 anakuuzia bahati nasibu, tena kwa bei inayopanda akiona umekuja na gari badala ya bodaboda.

Iwashwe mbele yako, ufungue kifuniko cha oili uone kama inapumua moshi. Injini ikizimwa, zungusha tochi chini ya sampu yote. Kwenye risiti iandikwe namba ya injini, aina ya gari ilikotolewa, na maneno "pamoja na sampu, mrija wa oili, pampu na alternata". Namba hiyo utaihitaji pia Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa kuwa ya zamani ndiyo iliyoko kwenye kadi ya gari. Akikataa kuandika, duka linalofuata liko hatua chache tu.